Sura ya Tano: Bei ya Kukaa

Kahawa ya kijiweni si kahawa nzuri, na hakuna haja ya kuzunguka mbuyu kuhusu hilo. Buni imekaangwa mpaka ikawa nyeusi tii, ikatwangwa na tangawizi kavu na iliki, ikapikwa kabla ya adhana ya alfajiri, halafu ikaachwa juu ya mkaa ikitokota mpaka mteja wa mwisho ainuke. Mwonjaji wa mnada wa Moshi akipewa kikombe cha saa tatu asubuhi atakitema, na atakuwa na haki. Lakini yuko mtu aliyehama Magomeni miaka mingi iliyopita, amejenga kwake Mbezi, ana jiko la gesi na kopo la kahawa kabatini, na kila Jumapili anapanda daladala mbili kurudi Magomeni kunywa hiyo hiyo iliyoungua. Ukimuuliza anafuata nini, atakwambia anafuata kahawa. Usimwamini.

Hebu tumpigie hesabu. Kikombe chenyewe ni kile kidogo kisicho na mkono, cha mafunda matatu, manne ukijibana. Katika vijiwe vingi vya Dar es Salaam bei yake ni shilingi mia au mia mbili. Atakunywa viwili, labda vitatu, na kipande cha kashata ya karanga cha kupoza uchungu. Buku halijaisha. Kwa pesa hiyo amekaa kwenye benchi tangu saa moja na nusu hadi saa nne, amesoma gazeti ambalo hakulinunua, amebishana kuhusu penalti ya jana, amejua nani kafiwa mtaa wa pili, na ameonekana. Kuonekana ndiko kulikompandisha daladala. Mtu aliyehama asipoonekana kwa muda, kijiwe huanza kumzungumzia kwa “alikuwa”: alikuwa mcheshi, alikuwa Yanga wa kufa na kuzikana. Yeye bado yuko hai Mbezi, hataki hiyo “alikuwa”.

Kwa hiyo muuza kahawa anauza nafasi ya kukaa, na kikombe ni risiti tu. Mwenye mgahawa wa mjini akiitazama biashara hii ataona wazimu. Mteja anakalia benchi saa mbili na ushee kwa mia nne! Kwake yeye meza inatakiwa igeuke, aliyemaliza ampishe mwingine, na mhudumu hufundishwa kukuondolea kikombe mapema ili ujisikie umekwisha kazi yako hapo. Kijiweni mambo yako kinyume, na si kwa sababu ya ukarimu peke yake. Benchi tupu halimwiti mtu. Mpita njia akiona wanaume watano wanacheka atapunguza mwendo asikie wanacheka nini. Akiona birika peke yake juu ya mkaa atapita zake. Wale watano waliokwisha kunywa na bado wamekaa ndio wanaomletea muuzaji mteja wa sita.

Mtazame anavyohudumia. Birika la shaba, ambalo watu wa Unguja na Mombasa huliita dele, limekaa juu ya jiko dogo la mkaa. Ndoo ya maji ya kusuuzia iko kushoto kwake, vikombe vimepandana kiganjani, na kila baada ya muda anavigonganisha hata kama hakuna wa kumwita, mkono umezoea. Mzee fulani anachomoza kwenye kona ya duka la dawa, yuko bado hatua thelathini, na tayari kikombe kimoja kimetengwa na wenzake. Mzee hafiki akaulizwa anataka nini. Anafika, anatoa salamu, anashikana mikono na benchi zima kuanzia kulia, na anapoketi kikombe kiko mbele yake. Muuzaji anajua kwamba huyu hagusi kashata tangu aambiwe ana sukari. Anajua kwamba mwalimu mstaafu pembeni yake hunywa cha kwanza kikiwa cha moto cha kuunguza ulimi, kisha cha pili hukishika mpaka kipoe kabisa, maana cha pili ni cha kushikia zamu ya kuongea. Dereva wa bodaboda yeye hanywi akiwa ameketi. Husimama mguu mmoja kwenye pikipiki, anameza, anarudisha kikombe, anaondoka, na hesabu yake ni ya Jumamosi.

“Mzee, hicho cha tatu. Presha je?”

“Presha yangu, kahawa yako. Mimina.”

Anamimina, lakini nusu. Mzee anakitazama kikombe, anamtazama muuzaji, anakunywa. Benchi zima limeona na hakuna aliyetia neno.

Vitabu vya huduma kwa wateja vinavyouzwa pale Posta vinasisitiza tabasamu na swali la “nikusaidie nini?” Kwa kijiwe hilo ni swali la mgeni. Mteja wa miaka kumi akiulizwa hivyo atajua kuna jambo. Huenda deni lake limezidi.

Na madeni yapo, tena kwa wingi. Wauzaji wengi hawaandiki. “Una viwili vya juzi, leo vitatu, na kashata.” Mtu wa nje atashangaa biashara inaendaje bila daftari, ila atakuwa amesahau kwamba kila kikombe kilinyweka mbele ya mashahidi saba. Ukikana kimoja, mwenzako atakukumbusha kwamba hicho ulikinywa siku ile umevaa kanzu ukitoka kwenye nikaha. Duka la Mangi linakopesha kwa siri na kudai kwa karatasi iliyobandikwa ukutani, iliyoandikwa kwa hasira. Kijiwe kinakopesha hadharani, kwa hiyo hakihitaji kubandika kitu. Kukopa harusi, kulipa matanga, lakini hapa matanga yenyewe huna pa kuyafanyia faraghani.

Anayelipia wengine ana mambo yake. Kijana mkeka wake umetiki, anafika na kutangaza, “Wape watu kahawa.” Mtoto wa mtu amefaulu kidato cha nne, ni hivyo hivyo. Ukaribiapo uchaguzi wa serikali za mitaa hutokea wakarimu ambao mwaka mzima walikuwa wakipita upande wa pili wa barabara, na kijiwe hunywa kahawa yao kwa adabu zote kisha wakigeuza mgongo wanachambuliwa mpaka mshono wa suruali. Kukataa kikombe ulicholipiwa ni vibaya. Kukinywa hakukufungi kura.

Upande wa pili wa mambo haya ni asiyenacho kabisa. Kila kijiwe kina mtu wa namna hiyo, mara nyingi mstaafu ambaye mafao yake yamekwisha au kijana aliyepunguzwa kazini, na anaweza kukaa wiki nzima hajatoa shilingi na bado hajaomba. Mmoja ninayemfahamu hulipa kwa kusoma. Gazeti likifika, ambalo hununuliwa na mwingine, yeye ndiye mwenye sauti na miwani. Huanza na ukurasa wa michezo, arudi kwenye siasa, amalizie na matangazo ya vifo. Anasoma polepole, anasimama penye jina la waziri ili watu wagunegune, anaendelea. Kikombe chake hakikauki. Ukimwambia kwamba anafadhiliwa atakutukana, na sioni kosa lake: bila yeye lile gazeti lingekuwa la kufungia kashata.

Kahawa kama fungamano la watu si jambo la pwani tu. Bukoba hutafunwa. Buni mbichi huchemshwa pamoja na majani ya kunukia, ikakaushwa, na mgeni huwekewa kiganjani kabla hajaulizwa habari za safari. Zamani, Wahaya walipochanjiana undugu wa damu, zile punje mbili zinazokaa ndani ya tunda moja la kahawa ziligawanywa baina ya hao wawili. Hawakuhitaji birika wala benchi.

Mgeni wa kijiwe anajifunza taratibu zake kwa kuumia kidogo. Siku ya kwanza unakaa pembeni, unasalimia mmoja mmoja, unanunua cha kwako, unasikiliza. Ukiingilia mjadala na “mimi ninavyoona” kabla kikombe hakijapoa, watakunyamazia, na ukimya wa watu waliokuwa wakipiga kelele ni mzito. Kabla hawajakuuliza jina watakuuliza Simba au Yanga. Ukisema hufuatilii mpira watakupa timu wenyewe. Baada ya majuma kadhaa unapewa cheo, na cheo hakichaguliwi: anayebisha kila kitu ni Profesa, anayekopa kila mtu ni Waziri wa Fedha, na Mwenyekiti ni yule ambaye hakuna anayekumbuka kijiwe kilikuwaje kabla yake. Ukishaitwa cheo hadharani, umeingia. Kuanzia hapo ndipo faida nyingine zinapoanza kukufikia, zile ambazo hazimo kwenye bei.

Dalali anajua chumba kinachoachwa mwisho wa mwezi kabla mwenye nyumba hajatafuta mpangaji. Fundi bomba hupata kazi kwa kuwa alikuwa ameketi hapo mtu alipolalamika kwamba tangi linavuja. Mtu mwenye barua ya mahakama asiyoielewa huitoa mfukoni na kumpa karani mstaafu, na inasomwa mara ya kwanza kimya kimya, kwani hata kijiwe kina mambo kisichoyasoma kwa sauti. Kubwa kuliko yote ni pale mtu anapokosekana. Siku ya kwanza huulizwa tu. Siku ya pili mmoja hupiga simu, haipokelewi. Siku ya tatu wawili huinuka baada ya swala ya alasiri wakaenda kugonga mlango. Mijini mwetu wapo wazee wanaoishi peke yao, watoto wako Mwanza au Ulaya, na kama si kwamba kikombe chao kilibaki kimetengwa bila mtu, wangeanguka chooni wakakaa humo. Msiba ukitokea, muuza kahawa yule yule asiyeandika madeni anatoa daftari chini ya benchi. Hilo ni la michango ya rambirambi, limepigwa mistari, kila jina na kiasi chake, na halikosewi.

Watawala hawajawahi kuyapenda sana mabenchi ya namna hii. Mwaka 1511 huko Makka, Khair Beg, aliyekuwa msimamizi wa masoko na maadili, aliona watu wamekusanyika usiku wakinywa kahawa, akawaita wanazuoni na kahawa ikapigwa marufuku. Amri hiyo haikudumu. Wakubwa wake wa Cairo hawakumwunga mkono. Desemba 1675 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alitangaza kufungwa kwa nyumba za kahawa, akidai kwamba wavivu hukutana humo na kueneza uzushi juu ya serikali. Kelele zilizopigwa zilimfanya auondoe uamuzi huo Januari, kabla haujaanza kutumika. Nyumbani, sheria ya mwaka 1983 ambayo watu waliijua kwa jina la Nguvu Kazi haikuitaja kahawa, lakini aliyekutwa mjini saa nne asubuhi hana kitambulisho cha kazi alikuwa na la kujieleza, na wengi walipakiwa kwenye magari kupelekwa vijijini kulima. Neno “mzururaji” lilikuwa na makali wakati huo. Wazee walioupitia wanasimulia leo wakicheka, wakiwa wameketi pale pale.

Unguja wamekwenda mbele zaidi: kijiwe chenyewe kina chama. Pale Mji Mkongwe njia kadhaa zinapokutana kuna uwanja mdogo uitwao Jaws Corner, jina lililotokana na filamu ya papa ya mwaka 1975. Jioni wanaume hukaa kwenye baraza za mawe, kahawa inamiminwa, halua inakatwa, dhumna zinapigwa mezani mpaka utadhani meza imekosa adabu. Kwenye nguzo kumetundikwa simu kuukuu yenye maandishi kwamba hapo mtu anapiga simu za kimataifa bure, na watalii hawakosi kuipiga picha. Lakini tangu vyama vingi vilipohalalishwa mwaka 1992, baraza hiyo ilikuwa ngome ya upinzani, ya CUF kwa miaka mingi, kama ambavyo Kisonge kule Michenzani ni maskani mashuhuri ya CCM. Mteja wa kahawa Unguja anapochagua mahali pa kukaa anajua anaonekana na nani. Hilo linapunguza utamu wa hadithi ya kijiwe cha watu wote, na heri lisemwe.

Mapungufu mengine ni ya kawaida zaidi. Ile ndoo ya kushoto, maji yake saa moja asubuhi ni safi. Saa nne ni rangi ya kahawa yenyewe. Kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa mikoani, wauza vyakula vya wazi waliandamwa, na kwa upande wa maji ya kusuuzia sina la kuwatetea. Baadhi ya wauzaji walijaribu vikombe vya karatasi. Wateja walinung’unika kwamba vinaunguza vidole, havigongani, na muuzaji asiyegonga vikombe utajuaje kafika? Wengi wamerudia vile vya udongo, wameongeza ndoo ya pili. Uzushi nao upo. Nimesikia mtu mzima akizikwa kijiweni Jumatatu na kufika mwenyewe Jumanne kudai kahawa yake.

Tena kuna jambo la kuudhi kuhusu kahawa yenyewe. Tanzania inailima tangu kabla ya enzi za Wamisionari na Wajerumani, Wachaga walisajili chama chao cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, na hadi leo zaidi ya asilimia tisini ya kahawa yetu huuzwa nje. Kijiweni hufika mara nyingi robusta au madaraja ya chini. Pengine ndiyo maana inakaangwa hadi ikasahau ilikotoka.

Lakini pungufu ninaloona ni kubwa kuliko ndoo na kuliko daraja la buni ni hili la wanawake. Kijiwe hujisifu kwamba hakibagui: tajiri na mkata, msomi na asiyejua kusoma, wote benchi moja. Nusu ya mtaa hupita mbele yake ikiharakisha hatua. Mwanamke akipita, mazungumzo hushuka sauti; akishapita hupanda, na mara nyingine yanamhusu. Hakuna kibao kinachomkataza kukaa. Akikaa, kesho yake mumewe atasikia kwa watu wanne. Utetezi unaotolewa ni kwamba wanawake wana vikoba vyao, saluni zao, vibaraza vya uani. Ni kweli, ila hizo habari za chumba, za kazi ya bomba, za kiwanja kinachouzwa haraka kwa bei ya kutupwa, hazipiti uani kwanza. Zikifika huko zimeshapoa.

Na wanawake wenyewe wamo ndani ya kikombe. Muulize muuzaji nani alikaanga buni, nani alitwanga tangawizi saa nne usiku, nani aliikoroga ile sukari na karanga juu ya moto na kuimwaga kwenye meza iliyopakwa mafuta ili ikatwe vipande kabla haijagoma. Mara nyingi atakutajia mkewe, au mama wa mtaa wa tatu anayemletea kashata kwa mali kauli na kufuata pesa yake jioni. Huyo mama hukabidhiwa fedha zake akiwa amesimama. Sijaona akikaribishwa benchi.

Migahawa mipya ya kahawa, yenye mashine za mvuke na viyoyozi, imekuja na jibu lake. Huko mabinti wanaketi na kompyuta zao mpakato asubuhi nzima na hakuna anayempelekea mtu taarifa zao. Baadhi hata wameweka dele la shaba juu ya rafu, la pambo, halijawahi kuguswa na moto. Kikombe chenye povu la maziwa ni elfu tano na kuendelea. Kwa hesabu ya mia mbili, ni vikombe ishirini na vitano vya Magomeni, na hiyo ndiyo tofauti ambayo mwanamke wa mji huu hulipa ili aketi na kahawa yake mbele za watu.

Asiyeweza kuilipa ana njia nyingine. Asubuhi pale Kariakoo hupita wanawake wenye chupa za chai mbili kwenye kikapu, moja ya chai ya maziwa, moja ya kahawa chungu, na vikombe vya plastiki vilivyochomekana. Hawana benchi. Wanapita meza kwa meza kwa akina mama wauza vitenge na vyombo, ambao hawawezi kuacha mali ikajilinda, na wanajua vilevile nani hatumii sukari na nani atalipa akishafungua biashara. Kahawa inanyweka kwa kusimama, mkono mmoja kwenye kikombe na mwingine unamwonyesha mteja kitenge. Habari zinazopitishwa wakati huo ni za bei ya jumla ya leo, za mgambo wameonekana barabara ipi, na za nani anatafuta mtu wa kushirikiana naye fremu. Kwa kuwa muuzaji ndiye anayetembea, habari za meza ya kwanza zimefika meza ya arobaini kabla ya saa tatu.